Mzee wa kanisa anasema nisimtaje binadamu, sasa huyu aliyeniuguza nimuweke wapi?

Anti shikamoo,

Naomba unisaidie maana Jumapili ijayo napanda mbele kutoa ushuhuda na mpaka sasa sijui nasema nini, kila nikiandika nafuta.

Kifupi ni hivi. Niliugua ghafla, utumbo ulijifunga, nikapelekwa hospitali usiku na nikapasuliwa usiku huohuo, afu baada ya siku chache kidonda kikatunga usaha nikarudishwa tena chumba cha upasuaji, kwa hiyo wodini nilikaa sana. Ndugu zangu wako mbali. Aliyeniuguza ni rafiki yangu wa kazini, na huyu hana dini, yaani sio kwamba amepoa kidogo, hapana, anasema wazi kabisa haamini kama Mungu yupo. Yeye ndo alichangia damu. Yeye ndo alikuwa akitoka kazini anakuja ananisafisha, anamwaga beseni la matapishi, ananigeuza maana kujigeuza mwenyewe nilikuwa siwezi, na nikianza kulia anakaa tu pale pembeni hasemi kitu. Watu wa kanisani walituma meseji, "tunakuombea mpendwa", nyingi tu na nashukuru, ila waliofika kitandani ni wa kuhesabu.

Sasa niliporuhusiwa mzee wa kanisa akaja nyumbani kunitembelea. Rafiki yangu alikuwepo, alikuwa ananibadilishia bandeji. Mzee akasema Jumapili utoe ushuhuda, afu akaongeza kwamba nihakikishe sitaji binadamu yeyote, ni Mungu peke yake aliyeniponya na Isaya 42:8 inasema utukufu wake hampi mwingine. Rafiki yangu akamaliza kufunga bandeji, akakata plasta, akaenda kunawa mikono, na mzee alipoondoka akaniuliza kwa upole tu, "Kumbe mimi pale nilikuwa nafanya nini?" Nikakosa jibu. Hajanuna, bado anakuja, ila lile swali limenikaa kooni.

Na kuna jambo lingine sijamwambia mtu. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja mlokole haswa, ndo alikuwa anatuongoza wodi nzima kusali asubuhi, wakati mimi hata nguvu ya kusali sikuwa nayo. Yeye akafariki mimi nikapona. Dada yake aliyekuwa anamuuguza alinipa namba yake ya simu akasema nikitoka nimjulishe, na mpaka leo sijampigia, naona aibu kuwa mzima. Sasa nikisimama pale mbele nikasema Mungu ni mwema amenitoa kitandani, si ni kama nasema kwa yule mama hakuwa mwema?

Anti, hivi wema wa Mungu unatufikiaje hasa? Unashuka wenyewe tu kutoka juu, au unapitia kwa watu, na ukipitia kwa mtu asiyemwamini Mungu bado ni wa Mungu au ni wa huyo mtu?

Ni mimi, nisiyejua pa kuanzia

---

Marahaba mwanangu, na pole sana, kupasuliwa tumbo mara mbili sio mchezo.

Nianze na mzee wenu maana yeye ndo amekaza fundo. Kwamba uponyaji unatoka kwa Mungu, hapo niko naye kabisa. Nisipokuwa naye ni kwenye ule mstari. Isaya 42:8 haiishii pale alipoishia yeye, inaendelea, "wala sitawapa sanamu sifa zangu." Ugomvi wa Mungu pale ni na sanamu, ni na watu wanaochonga kitu kwa mikono yao afu wanakipigia magoti. Kumshukuru mtu aliyekumwagia beseni sio kumchongea sanamu jamani.

Unataka kuona binadamu akipewa utukufu wa Mungu inakuwaje? Fungua Matendo 14. Paulo na Barnaba wako Listra, kiwete ambaye hajawahi kutembea tangu azaliwe anasimama, umati unaanza kupiga kelele kwamba miungu imeshuka, Barnaba wanamwita Zeu na Paulo wanamwita Herme, na kuhani analeta ng'ombe na mashada ya maua anataka kuwatolea dhabihu kabisa. Hapo ndo mitume wakararua nguo zao wakaruka katikati ya watu kuwazuia. Sawa. Ila Paulo huyohuyo akiwaandikia Warumi, sura ya 16, anawataja Priska na Akila kwa majina, anasema walikuwa tayari hata kukatwa shingo zao kwa ajili ya maisha yake, na kwamba anawashukuru, sio yeye tu bali makanisa yote ya Mataifa. Na ile barua iliandikwa isomwe mbele ya watu! Kwa hiyo mtu aliyerarua nguo kwa kuitwa mungu hakuona shida yoyote kushukuru binadamu hadharani, alijua kuabudu ni kitu kimoja na kushukuru ni kingine.

Na palepale Listra kuna neno ambalo linajibu swali lako la mwisho. Wale watu walikuwa hawamjui Mungu wa Israeli hata kidogo, waabudu miungu kabisa, na Paulo hawaambii kwamba mpaka leo Mungu alikuwa hawajali. Anawaambia Mungu hakuacha kujishuhudia kwao, aliwatendea mema, mvua waliyokuwa wanaipata na mavuno waliyokuwa wanavuna na furaha iliyokuwa mioyoni mwao vyote vilikuwa vinatoka kwake. Yaani walikuwa wanakula wema wa Mungu miaka yote bila kujua jina la mpishi. Yesu kasema hivyohivyo Mathayo 5:45, jua linawawakia waovu na wema, mvua inawanyeshea wenye haki na wasio haki. Hiyo ndo njia ya kwanza, pana kuliko zote, na haiulizi mtu kadi ya ubatizo.

Njia ya pili ni watu, na hapa mwanangu Biblia imejaa mpaka inamwagika, sijui kwa nini tunapita haraka. Angalia Kornelio, Matendo 10. Malaika anaingia nyumbani kwake mchana kweupe, saa tisa, na wewe ungedhani malaika akishafika si amalizane naye hapohapo, amweleze habari za Yesu yaishe. Wapi. Malaika anatoa anwani! Tuma watu Yafa, wamwite Simoni aitwaye Petro, amepanga kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba yake iko pwani. Basi. Injili yenyewe akaisikie kutoka kinywani mwa mvuvi ambaye ilibidi asafiri kumfikia. Au mfalme Hezekia, 2 Wafalme 20, anaumwa karibu kufa, Mungu anamwambia nimeyasikia maombi yako nimeyaona machozi yako, nitakuponya, nakuongezea miaka 15, maneno mazito hayo, na kinachofuata ni nini? Isaya anaagiza uletwe mkate wa tini wakambandika kwenye jipu. Mungu kaahidi, tini zikabandikwa, na kuna mtu alizibandika kwa mikono yake. Wewe unayebadilishiwa bandeji ukisoma pale utaelewa kuliko mimi.

Na Paulo tena, 2 Wakorintho 7, anasema alikuwa hoi, nje vita ndani hofu, na Mungu mwenye kuwafariji wanyonge akamfariji. Kwa maono? Kwa sauti? Anasema kwa kuja kwake Tito. Rafiki alibisha hodi, ndo hiyo faraja ya Mungu.

Kwa nini Mungu afanye hivyo wakati anaweza kufanya mwenyewe? Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alilijibu hili vizuri mno na mimi sijaona jibu linalolizidi. Alisema Mungu kupitisha mambo kwa viumbe sio kwa sababu nguvu zimempungukia, ni kwa sababu wema wake umezidi mpaka anataka na viumbe wake wapate heshima ya kusababisha mema. Heshima, umesikia hapo? Ndo maana mimi sipendi ule msemo wa kwamba sisi ni mabomba tu maji ya Mungu yanapita. Bomba halichoki. Bomba halitoki kazini miguu inauma likaamua lipitie hospitali badala ya kwenda kulala. Rafiki yako aliamua kila siku, na uamuzi ule ulikuwa wake kabisa.

Kwa hiyo acha ile hesabu ya kugawana, eti Mungu apewe asilimia kadhaa na rafiki yako apewe zinazobaki, au yeye apewe sifuri ili Mungu apate zote. Mungu na binadamu hawagombanii nafasi moja kama watu wawili kwenye kiti kimoja. Wema uliokufikia wote umetoka kwa Mungu, na wote umefanywa na rafiki yako. Damu ile ilitoka kwenye mkono wake na hakuna mwingine aliyeitoa, na Yakobo 1:17 bado inabaki palepale kwamba kila kutoa kuliko kwema kunatoka juu.

Lakini haamini! Najua, ndo swali lako. Koreshi mfalme wa Uajemi naye hakumjua Bwana, na Isaya 45 inamwita masihi wa Bwana, mpakwa mafuta, na inamwambia waziwazi nimekuita kwa jina lako ingawa hukunijua, na ni huyo aliyewaruhusu Wayahudi warudi kwao kutoka Babeli. Na wale wenyeji wa Malta, Matendo 27 na 28, meli imevunjika, watu 276 wametoka baharini wamelowa, mvua inanyesha na baridi, na wale wenyeji wasiojua lolote kuhusu Yesu wakawasha moto wakawakaribisha wote. Luka, mwandishi wa Matendo, anaandika kwa mshangao kabisa kwamba fadhili zile hazikuwa za kawaida. Hajaandika kwamba walikataa kuota moto mpaka waliouwasha waokoke kwanza.

Sasa hapa nikuonye kidogo. Wewe unaweza kuamini kwamba Mungu alimtumia, na mimi naamini hivyo, ila usikimbilie kumwambia "Mungu alikutumia" kama ndo jibu la swali lake. Yeye atasikia kaporwa mara ya pili, safari hii kwa lugha tamu. Ameuliza alikuwa anafanya nini pale, basi mjibu hicho alichouliza. Kaa naye kabla ya Jumapili umtajie kimojakimoja, damu, beseni, kugeuzwa, zile saa alizokaa bila kusema kitu, umwambie nakushukuru wewe. Akitaka kujua wewe Mungu unamuweka wapi kwenye hiyo stori atauliza, na hapo mwambie ukweli wako bila kumzunguka. Na tafadhali usimwalike kanisani kama vile ni bili ya kulipa. Akitaka kuja aje.

Kama kuna sehemu ndani yako inaona kwamba kusaidiwa na mtu ni daraja la chini, kwamba wenzako wanapata muujiza wewe umepata mtu wa kazini tu, basi mwangalie Yesu mwenyewe. Luka 8 inawataja Yoana mke wa Kuza, na Susana, na wanawake wengine wengi waliokuwa wanawahudumia kwa mali zao. Kisimani Samaria alimwomba mwanamke maji ya kunywa. Msalaba ulipomuelemea alibebewa na Simoni wa Kirene, mtu aliyekuwa anapita zake tu akashurutishwa. Mwana wa Mungu kabebewa na mpita njia, wewe nani uone aibu?

Na kwetu sisi Wakristo hata ule wema mkubwa kuliko wote haukuja kama wazo wala hisia, ulikuja na mwili, ukazaliwa, ukanyonyeshwa. Mpaka leo Wakatoliki na Waorthodoksi watakwambia neema inatufikia kwenye sakramenti, Waprotestanti wengi watalisisitiza Neno na imani, wabishane wakimaliza utakuta wote wanashika maji, mkate na sauti ya mtu anayesoma.

Hao waliotuma meseji bila kufika, usiwabebe moyoni sana, wengine maombi yao yalikuwa ya kweli kabisa na nafasi hawakuwa nayo. Ila Yakobo 2 inajulikana, ile ya kumwambia mtu nenda kwa amani ukaote moto ukashibe na hujampa kitu. Wachungaji wenu waihubiri siku moja, haitadhuru.

Tuje kwa yule mama. Hapa sitakupa maelezo maana Biblia yenyewe haikuyatoa. Matendo 12 inaanza na Yakobo ndugu yake Yohana kuuawa kwa upanga na Herode, mstari mmoja tu, basi. Baada ya hapo Petro anakamatwa, analindwa na vikosi vinne vya askari wannewanne, kanisa linaomba, na malaika anamtoa usiku. Sura moja, mfalme yuleyule, mitume wote wawili, na Luka haongezi hata nusu mstari kutuambia kwa nini mmoja alitoka na mwingine hakutoka. Hasemi imani ya Yakobo ilikuwa ndogo. Na Yesu alipotajiwa habari za vifo vya kinyama alikumbusha wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akajibu mwenyewe, sivyo. Kwa hiyo kupona kwako sio maksi ulizopata na kufa kwake sio maksi alizokosa. Tumaini letu juu yake limekaa kwa Kristo aliyefufuka, ndo Warumi 8 inasema hata mauti haiwezi kututenga na upendo wa Mungu, halikai kwenye chati ya wodi.

Afu kuna kitu umekiandika mwenyewe ukakipita. Umesema hukuwa na nguvu ya kusali na yeye alikuwa anawasalia wodi nzima. Sasa si na wewe ulikuwemo humo? Yule mwenye kupooza wa Marko 2 aliyebebwa na watu wanne hajasemwa kwamba aliomba chochote, Yesu alipoiona imani yao, ya wale waliombeba, ndo akasema naye. Yule mama alikubeba mwanangu. Wema wa Mungu ulikufikia kwa mlokole wa kitanda cha jirani na kwa asiyeamini aliyekaa pembeni mwako, na wewe katikati unataka kumficha mmoja na kumuonea aibu mwingine.

Mpigie dada yake, na usisubiri Jumapili ipite. Usimpelekee maelezo, usimwambie Mungu alimpenda zaidi akamchukua, hayo maneno yanachoma. Mwambie nimetoka, nilichelewa kukupigia kwa sababu nilikuwa sijui niseme nini, afu msimulie zile sala za asubuhi jinsi zilivyokuwa zinakushika, kuna vitu vya dada yake labda yeye hakuvisikia kwa sababu alikuwa nje anahangaikia dawa. Akilia mwache alie.

Jumapili usiongee sana, una kidonda. Kwanza muombe rafiki yako ruhusa, kuna watu hawapendi kutajwa, akikataa sema tu "mtu mmoja". Mimi ningesema hivi: "Niliumwa karibu kufa, leo nimesimama, namshukuru Mungu. Kuna mtu alinipa damu yake na akanisafisha kila siku, namshukuru na yeye. Kuna mama alinisalia nikiwa siwezi kusali, yeye amelala, naomba tumkumbuke na familia yake." Afu ukae chini. Usiunganishe kwamba Mungu ni mwema kwa sababu umepona, sema umepona na sema Mungu ni mwema, ile "kwa sababu" iache, pale kanisani kuna mtu kafiwa wiki iliyopita anakusikiliza.

Na mzee akikufuata baadaye kukuuliza mbona umetaja binadamu madhabahuni, wala usibishane naye, mpe Biblia afungue Warumi 16 asome mstari wa 3 na wa 4, tena asome kwa sauti.

Anti wako